Kesi ya Bogenvilia

Mama alinipigia simu asubuhi nikifungua duka, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Baba yako mdogo anataka kuikata bogenvilia. Nimemkubalia. Kama unataka kipande cha kupanda kwako, njoo kabla ya Jumamosi."

Nilibaki nimesimama na kufuli mkononi. Nina steshenari ndogo mjini Bukoba, natoa nakala na kuuza kalamu, na saa ile wanafunzi walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Lakini hilo neno "nimemkubalia" lilinikwama. Mama ninayemjua mimi hakubali. Bogenvilia hiyo ameipigania na mbuzi wa jirani, akaipigania na fundi aliyetaka kupitisha waya wa umeme, akaipigania hata na mchungaji aliyeshauri kwa upole kwamba miiba ile si mizuri karibu na njia ya watoto. Wote walishindwa, mbuzi wakiwemo. Leo anaitoa kwa simu ya dakika moja?

Udadisi ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Mama husema siku nitakayokufa nitamuuliza mchimba kaburi kwa nini ameanzia upande ule. Basi nilimwachia duka binti anayenisaidia, nikapanda gari la Muleba Alhamisi mchana, nikashuka Kagoma, na bodaboda ikanifikisha nyumbani kabla jua halijazama.

Niieleze kwanza hiyo bogenvilia. Baba yangu alikuwa seremala. Zamani, mimi nikiwa sijazaliwa, aliitwa Bukoba kutengeneza milango ya nyumba ya wageni ya kanisa, na katika ua wa nyumba ile kulikuwa na kichaka kimefunika ukuta mzima kwa rangi ya zambarau. Akaomba kijiti. Akakifunga kwa jani la mgomba, akakileta Kagoma, na mama alipokiona alidhani ni kuni akakiweka jikoni. Kilinusurika kwa sababu siku hiyo kuni zilikuwa tele. Baba akakipanda pembeni mwa nyumba, upande unaotazama kibanja cha mdogo wake, na kikakua mpaka kikapita paa.

Majirani hawakukielewa, na nawaelewa kwa kutokukielewa. Katika kibanja cha Kihaya, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kila kitu kinafanya kazi. Mgomba unalisha, mbuni unasomesha, maharage yanajaa chini yake, mti wa kivuli unatoa kuni, na hata nyasi hukatwa zikatandazwa sebuleni mgeni akija. Bogenvilia hailiwi, haifungi mzigo, mbuzi akiitafuna miiba inamrudisha nyuma. Ni kama mtu aliyekuja msibani akakaa, akapewa chakula, na hakuna anayejua ni ndugu wa nani. Walikiita "ua la mzungu", ingawa nimekuja kusoma kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo hata huyo mzungu alikiomba kijiti kwa watu, kama baba.

Jambo la pili la kueleza ni zito kidogo. Kwetu mtu anaweza kuingia kibanjani mwako kukusalimia, kukata njia, hata kuokota kijiti cha kuwashia moto, na hakuna atakayemtazama mara mbili. Lakini akiingia na panga akakata kitu bila kuitwa, amesema neno kubwa. Amesema hapa ni kwangu. Na kama kibanja hicho ni cha mjane wa kaka yake, kijiji kizima kitalisikia neno hilo kabla panga halijarudi nyumbani.

Baba alipofariki, katika kikao cha ukoo alitokea mtu mwenye mdomo mrefu akasema baba mdogo anakimezea mate kibanja cha marehemu. Baba mdogo aliumia. Alisimama mbele ya watu wote akasema hataingiza panga wala jembe katika kibanja cha kaka yake mpaka mwenye nyumba amwite kwa mdomo wake. Mama alikuwepo akasikia. Tangu siku hiyo wamesalimiana vizuri, wameliliana katika misiba, wamepelekeana kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Kumwita, mama hakumwita. Na kaka zangu wawili, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam, wakaweka sharti lao: mama akae Kagoma peke yake maadamu anakimudu kibanja. Siku atakayoshindwa, anahamia kwangu Kibeta, pale Bukoba. Chumba chake kipo, tumekipaka rangi, kina dirisha linaloona ziwa kwa mbali. Mama amekilalia usiku mmoja tu akasema kinanuka rangi.

Sasa kesi yenyewe. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba ya baba mdogo, ile iliyo karibu na mpaka. Asiyeujua mnyauko amshukuru Mungu. Jani linageuka njano kama limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha. Hauna dawa, unang'oa. Mabwana shamba wametufundisha kwamba wadudu kama nyuki huubeba kutoka kwenye ua la mgomba, lile pumba jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa hiyo mkungu ukishamaliza kutoa ndizi unalivunja ua hilo kwa mti mrefu wenye panda. Si kwa kisu, kwa sababu kisu nacho kinabeba. Baba mdogo alikuwa amevunja maua yake yote. Akajiuliza nyuki wanatoka wapi, akanyanyua macho, na mbele yake palikuwa na kichaka kizima cha maua ambacho hakuna mtu aliyewahi kukielewa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia mama kutoka upande wake wa mpaka.

Hayo yote mama alinisimulia usiku ule tukila ndizi na maharage. Alisimulia kama habari ya kijiji kingine. Nikamuuliza, "Na wewe unaamini nyuki wanatoka kwenye bogenvilia?"

"Mimi ni nyuki?"

"Mama, umeitunza miaka yote hiyo."

"Ni ua tu, mwanangu. Kula, maharage yanapoa."

Ni ua tu! Nilikasirika kwa niaba ya kichaka. Nikaapa moyoni kwamba kesho nitakaa chini ya ile bogenvilia mpaka nijue kama ina hatia au haina, na ikiwa haina, hakuna panga litakaloigusa.

Ijumaa baada ya chai nilichukua kigoda nikakaa. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, na hapo ndipo bogenvilia inapojionyesha. Hilo nalo liliwahi kunishangaza nikiwa mtoto: mvua zikizidi, na Kagera zinajua kuzidi, kichaka kinatoa majani na miiba tu. Jua likikitesa ndipo kinapochanua. Nilichuma tawi moja nikalifungua, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Ile rangi ya zambarau ambayo kila mtu anaiita ua kumbe si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi, yamevishwa rangi, na ndani yake vimesimama vijiua vyeupe vidogo kuliko kichwa cha msumari. Hivyo vijiua ndivyo maua yenyewe. Ile zambarau ni mapambo ya mlangoni.

Nilisubiri nyuki. Walikuja vipepeo, wakatumbukiza ndimi zao, wakaondoka. Alikuja ndege mdogo wa kijani mwenye mdomo wa sindano, akachungulia, hakurudi. Nyuki walikuwepo, niliwasikia, lakini walipita juu ya bogenvilia kama watu wanaopita mbele ya duka langu wakienda sokoni. Hakuna aliyesimama. Nilihama kigoda, nikakaa upande wa pili, nikaona vilevile. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimeridhika kabisa. Mshtakiwa hana hatia. Nilitamani baba mdogo angekuwa karibu nimwite aone.

Lakini swali likijibiwa kwangu huzaa jingine. Kama nyuki hawasimami hapa, wanakwenda wapi? Nikainuka nikawafuata, nikiinamisha kichwa kukwepa majani ya migomba, nikapita migomba mifupi ya karibu na nyumba. Yote safi, maua yamevunjwa, kama tulivyofundishwa. Nikamsifia mama moyoni. Nikaenda mbele, nikavuka mibuni, nikafika upande wa nyuma, ule usioonekana kutoka njiani, ule unaopakana na baba mdogo kwa chini.

Huko maua yalikuwa yananing'inia kila mahali. Mapumba mekundu, mazito, mengine yamefunua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likifunika mstari wa vijiua vyeupe. Nilisimama nikashangaa kitu ambacho sikuwahi kukitazama hata mara moja ingawa nimezaliwa katikati ya migomba: ua la mgomba na ua la bogenvilia yana hila moja. Jani lililovaa rangi linasimama mlangoni, na ua lenyewe, dogo, limejificha ndani. Na mgomba wenyewe, kwa taarifa ya waliosoma, haukuota Buhaya tangu mwanzo, nao ulitoka ng'ambo huko Asia. Nani Kagoma atathubutu kuuita wa mzungu? Nilicheka peke yangu. Kisha nikasikia ngurumo. Nyuki walikuwa huko, wengi, wanaingia na kutoka kwenye yale mapumba kama watu kwenye harusi. Kicheko kikaniisha.

Migomba ya nyuma mingi ni mirefu. Hilo ndilo lililonifungua macho. Palipokuwa na mgomba mfupi, au ulioinamishwa na mkungu, ua lilikuwa limevunjwa. Uliosimama wima uliachwa. Ilikuwa kana kwamba mtu amepiga mstari kibanja kizima usawa wa kifua chake, na juu ya mstari huo hajagusa kitu.

Nilirudi nyumbani taratibu, na nikaanza kuona. Kamba ya kuanikia nguo imeshushwa mpaka chini, mashuka yanakaribia kugusa majani. Sufuria zote zimeteremka kutoka kwenye rafu, zimepangwa sakafuni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichana nywele, ila hakupandisha mkono kichwani. Aliinamisha kichwa mpaka magotini, akakipeleka kwenye mkono. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho tangu Alhamisi na nilikuwa nimeyatumia yote kwa nyuki.

"Panda yako iko wapi?" nilimuuliza.

Hakuinua uso. "Ilivunjika."

"Lini?"

"We mtoto, unaulizaje watu kama polisi?"

Panda ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya jiko, nzima kabisa, buibui wamejenga juu yake.

Sasa nilielewa kwa nini ameitoa bogenvilia kirahisi namna ile. Mashaka ya baba mdogo yalikuwa yanazunguka mpaka wake yakitafuta pa kutua, na mama akaona heri yatue kwenye ua la baba kuliko kwenye mabega yake. Ua likikatwa, watu watasema kesi imekwisha. Hali ya mikono yake ikijulikana, kaka zangu wataleta gari. Alikuwa amemtoa mshtakiwa asiye na hatia ili abaki nyumbani kwake. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa sababu migomba ya baba mdogo ilikuwa inakufa, na yake ingefuata. Mara mbili nilitoa simu nimpigie kaka wa Mwanza, nikairudisha mfukoni. Sikujua ningesema nini ambacho kisingeishia kwenye kile chumba kinachonuka rangi.

Jumamosi asubuhi baba mdogo alikuja. Alisimama mpakani, buti za mvua miguuni, panga mkononi, chupa ya maji ya jiki kwapani ya kuoshea panga. Begani alikuwa amebeba mti mrefu wenye panda. Niliutazama mti ule. Mtu anayekuja kukata kichaka cha miiba haji na panda.

"Kasinge, waitu," alisema, akimshukuru mama kwa kazi za asubuhi kama ilivyo desturi, na hakusogea hata hatua.

Mama alitoka mlangoni akajifunga kitenge vizuri. "Karibu, mulamu," alimjibu, kama mwanamke wa Kihaya anavyomwita shemeji yake. "Ingia. Ingia na panga lako."

Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo tangu baba afariki. Baba mdogo akavuka mpaka. Akaegemeza panda kwenye mgomba, akaosha panga kwa jiki, akaanza kukata. Alikata matawi ya upande wa mpaka, machache tu, akiyavuta kwa uangalifu na kuyapanga chini, na zambarau ikamwagika kwenye udongo. Kisha akasimama akafuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Hii nyingine haina neno," alisema. "Sasa, mulamu, kwa kuwa panga limeshaingia, ningepita huko nyuma nikaangalie. Kama utaniruhusu."

Mama aligeuka. Alinitazama mimi. Ninajua alikuwa anatafuta usoni mwangu kama nimekwishaona, na nadhani aliona kwamba nimeona, kwa sababu mimi uso wangu haujui kufunga mlango. Angeweza kusema huko nyuma ni safi. Baba mdogo asingeingia, angeaga, angerudi kwake.

"Maua yapo mengi huko," alisema mama. "Ya migomba mirefu yote. Mikono haipandi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuniambia."

"Ungesema nimeshindwa kibanja cha kaka yako."

Baba mdogo aliinama akachukua panda yake. "Ningesema nimeitwa," akajibu, akaingia migombani.

Nilimfuata. Alikuwa anavunja maua kwa kuyazungusha, mzunguko mmoja na ua liko chini, nami nikiyakusanya na kuyatupa kwenye shimo. Mashina mawili ya chini yalikuwa yameshaanza kuugua. Aliyaonyesha kwa kidole, tukayang'oa. Nilikuwa nimeshika jembe, jasho linanitiririka, na bado sikuweza kunyamaza.

"Baba mdogo, jana nilikaa siku nzima chini ya bogenvilia. Nyuki hawatui."

"Najua. Mimi nimekaa upande wangu miezi mitatu natazama."

"Sasa kwa nini uliishitaki?"

Alivunja ua jingine kabla ya kunijibu. "Ningemwambia mke wa kaka yangu kwamba kibanja chake ni kichafu? Nikiwa nimesimama wapi? Ua halina ukoo wa kulitetea. Nilijua akiniita kulikata, nitakuwa nimeitwa."

Sikuwa na swali jingine, na hilo kwangu si jambo la kawaida. Tulifanya kazi mpaka mchana. Alipoondoka alisema atapita kila wiki, akasema kwa sauti kubwa, makusudi, ili aliyekuwa akipita njiani asikie kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemwita.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi. Nilikaa karibu naye. Alikuwa akiokota majani ya zambarau yaliyopeperushwa mpaka miguuni pake.

"Utawaambia kaka zako?"

"Nitawaambia baba mdogo ameingia kibanjani."

"Watapiga kelele."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wapige kelele hukohuko Mwanza na Dar."

"Na Kibeta?"

Nilikuwa nimekipaka rangi chumba kile kwa mikono yangu. Nimeshona na mapazia. Kwa kweli nilitaka aje, nilitaka nimsikie asubuhi akigombana na redio, na ilinibidi nitulie kwanza ndipo nijibu.

"Kibeta utakuja kunisalimia," nilisema.

 Mama akajisogeza kwenye ngazi, akanigeuzia mgongo, akateremsha kitenge kidogo begani.

"Haya, kanda," alisema. "Hapo. Panaumaje, usiniulize."